Mtumishi mpya anahitaji mwenyeji kazini, siyo ofisi na chaki tu

Serikali inapotangaza ajira za walimu na watumishi wa afya, wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa hupokea sura mpya. Wengine wanatoka Mbeya, Tanga au Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Wanaripoti halmashauri wakiwa na barua ya ajira na bahasha ya vyeti, kisha wanapanda pikipiki kuelekea kijiji ambacho jina lake walilisikia siku walipopangiwa kituo.

Baadhi yao huzoea, hujenga na hata kuoa au kuolewa hapa. Wengine hazipiti wiki nyingi kabla hawajaanza kuulizia uhamisho. Mtumishi akiondoka, anayebaki na pengo ni mtoto wa darasa la pili ambaye alikuwa ameanza kujua kusoma, au mama mjamzito aliyekuwa amemzoea muuguzi wa zahanati yake.

Mshahara, nyumba na barabara vina sehemu yake katika kumfanya mtu akae au aondoke. Hayo kijiji peke yake hakiwezi kuyamaliza. Lipo jambo moja lisilohitaji bajeti kubwa ambalo shule, zahanati au chama cha ushirika chochote kinaweza kulianza kesho asubuhi: kumpa kila anayeanza kazi mwenzake mzoefu wa kumshika mkono. Katika makala hii tunaeleza namna linavyofanyika, na mahali ambapo huharibika.

Mwenyeji wa kazi ni nani?

Ni mfanyakazi mzoefu anayekabidhiwa mgeni mmoja kwa muda maalumu ili amsaidie kuijua kazi na mahali. Wapo wanaomwita mlezi. Si bosi wake na hampi alama. Ni mtu ambaye mgeni anaweza kumuuliza swali dogo bila kuona aibu: Fomu hii inajazwaje? Wazazi wa hapa huitwa kwenye kikao kwa njia gani? Maji ya kunywa tunapata wapi?

Maswali ya namna hiyo mtu haendi kumuuliza mkuu wa kituo kila saa. Asipopata wa kumuuliza, atabahatisha au atanyamaza. Akibahatisha anakosea, na akinyamaza hajifunzi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunaongeza kwamba ukimpa jembe, mwonyeshe na shamba lilipo, mpaka unapoishia na miche ipi isiguswe.

Nchi yetu ilishalifanya hili

Mwezi Novemba 1974 kikao cha TANU kilichofanyika Musoma kiliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate elimu ya msingi. Walimu hawakutosha, na vyuo visingeweza kuwatoa wa kutosha kwa haraka hiyo. Njia iliyotumika ilikuwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha ualimu wakiwa kazini, huko huko vijijini.

Kijana alifundisha sehemu ya siku, na muda mwingine alijifunza kwa masomo yaliyotumwa kwa posta, kwa vipindi vya redio na kwa kukaa na walimu waliomtangulia. Mafunzo yalichukua kama miaka mitatu, na mwishoni alikwenda chuoni kwa wiki chache kabla ya kuhitimu. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo. Wazee wetu wengi bado wanawaita walimu wa UPE.

Wengine walilalamikia ubora wa mpango ule, na lawama nyingine zilikuwa za haki. Pamoja na hayo unatuachia somo moja muhimu: kijana aliyepata mzoefu wa kumwelekeza kwa dhati alikuwa na nafasi kubwa ya kuiva, na aliyeachwa na daftari lake alihangaika peke yake.

Siku hizi walimu wana mpango unaoitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Chini ya mpango huo walimu wa shule moja au shule za jirani hukutana katika jumuiya za ujifunzaji, wakajadili somo lililowashinda na kufundishana. Hapo ni mahali pazuri pa kumwingiza mwalimu mpya. Lakini kikao cha mara moja moja hakiwezi kuchukua nafasi ya mtu aliye jirani naye kila siku.

Sheria inasemaje?

Mtumishi mpya wa umma huwa katika majaribio kwa miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Kwa waajiriwa walio chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 zinasema muda wa majaribio usizidi miezi 12. Kanuni hizo zinamtaka pia mwajiri afuatilie kazi ya mwajiriwa huyo, akutane naye mara kwa mara, amweleze anavyoendelea na kumpa maelekezo au mafunzo pale inapohitajika.

Kwa maneno mengine, majaribio si muda wa kumtegea mtu aanguke. Ni muda wa kumfundisha kazi na kumpima kwa haki. Mwenyeji wa kazi humsaidia mwajiri kutimiza wajibu huo, ila hauondoi mabegani mwake. Mkuu wa shule au mganga mfawidhi hawezi kusema "nimeshampa mlezi" halafu akasahau.

Hatua kwa hatua

Chukua mfano wa mwalimu wa kike anayepangiwa shule ya msingi huko Kaisho au Nyaishozi. Mambo yanaweza kwenda hivi.

Kabla hajafika: Mwalimu mkuu anachagua mwenyeji. Afae kufundisha darasa au somo linalokaribiana na la mgeni, awe mwenye subira, na awe amekubali mwenyewe. Aliyekaa miaka mingi si lazima awe ndiye bora. Aliyefika miaka mitatu iliyopita bado anakumbuka ugeni unavyouma. Kama mgeni ni binti, ni vizuri mwenyeji awe mwanamke pale inapowezekana.

Siku ya kwanza: Mwenyeji anampokea, anamtambulisha kwa walimu wenzake na kwa wanafunzi, kisha anampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji. Anamsaidia kupata chumba kwa mwenye nyumba anayeaminika. Anamweleza pia kwamba asubuhi za huku kwenye vilima zina baridi, atafute sweta na blanketi.

Wiki ya kwanza: Wanapitia pamoja ratiba, maandalio ya somo na daftari la mahudhurio. Mgeni anakaa nyuma darasani akimwangalia mwenzake anavyofundisha. Hapa ndipo atakapogundua kwamba baadhi ya watoto wa darasa la kwanza wanatoka nyumbani na Kinyambo au Kihaya, na Kiswahili bado kinawapiga chenga. Asipoambiwa, anaweza kudhani watoto hao ni wagumu wa kuelewa, kumbe hawajaielewa lugha.

Mwezi wa kwanza: Wanabadilishana. Mgeni anafundisha, mwenyeji anakaa nyuma. Baadaye wanazungumza wawili tu: kipi kilikwenda vizuri, kipi kirekebishwe. Makosa hayasemwi mbele ya wanafunzi wala hayapelekwi kwenye stori za ofisini. Mwenyeji pia anamsaidia kufuatilia nyaraka zake halmashauri, kwa sababu jina likichelewa kuingia kwenye orodha ya mishahara, mgeni atakopa dukani hadi aone haya kupita njia hiyo.

Muhula wa kwanza hadi wa pili: Wanakutana mara moja kwa wiki, hata nusu saa. Kadiri mgeni anavyosimama mwenyewe, mikutano inapungua. Mwishoni mwalimu mkuu anakaa nao wote wawili, wanaangalia walikotoka, na ulezi unafungwa rasmi.

Zahanati na ghala la kahawa

Utaratibu huu si wa walimu peke yao. Kwenye zahanati unaweza kuokoa maisha. Ugonjwa wa Marburg ulipotokea mkoani kwetu Kagera mwezi Machi 2023, upande wa Bukoba, watu 6 walifariki, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Kuvaa glovu na kuzivua bila kujichafua, kumtenga mgonjwa mwenye homa na damu, kujua simu ya kupigwa usiku mambo yakizidi: hayo muuguzi mpya ameyasoma chuoni, lakini inafaa ayafanye mara kadhaa huku mzoefu wa kituo hicho akimtazama.

Tuje kwenye vyama vya msingi vya ushirika vinavyokusanya kahawa. Karani mpya anayekabidhiwa mzani akikosea kusoma kilo au kuandika stakabadhi, hasara ni ya mkulima aliyeamka alfajiri kubeba gunia la maganda. Karani mzoefu akisimama naye siku za mwanzo wa msimu, atamfundisha kuhakiki mzani kabla ya kazi, kutambua kahawa ambayo haijakauka, na kumsomea mkulima uzito kwa sauti naye auone kabla haujaandikwa. Atamweleza pia kuhusu butura, ule ununuzi wa kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, ili asije akatumiwa na walanguzi bila kujua.

Mahali ambapo utaratibu huharibika

Kwanza, mwenyeji akigeuka bwana mkubwa. Mgeni anafuliwa vipindi vyote vigumu, anatumwa dukani, anaandika maandalio ya wenzake. Huo ni unyonyaji, na mkuu wa kituo auzuie mapema.

Pili, mwenyeji mvivu. Kilema kinaambukiza. Ukimkabidhi mgeni kwa mtu anayefika saa nne na kuondoka saa sita, baada ya mwaka utakuwa na watu wawili wa aina hiyo.

Tatu, kumpa mlezi kazi bila kumpunguzia nyingine. Akiwa na vipindi hadi jioni, atamwambia mgeni "kesho" hadi muhula uishe. Apunguziwe hata vipindi viwili kwa wiki.

Nne, na hili ni zito, ni anayetaka mwili wa mgeni kwa ahadi ya kumpigia debe athibitishwe au apewe nyumba. Hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa kosa la jinai. TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Ndiyo maana tunasema mwenyeji wa kazi asiwe mtu mwenye mamlaka ya kumthibitisha au kumkwamisha mgeni.

Tukiwa wachache je?

Zipo shule zenye walimu wachache kiasi kwamba hakuna wa kuacha darasa akamwangalie mwenzake. Afisa Elimu Kata anaweza kumpata mlezi katika shule ya jirani, wakakutana siku moja kwa wiki na siku nyingine wakazungumza kwa simu. Zahanati yenye muuguzi mmoja inaweza kuunganishwa na kituo cha afya kilicho karibu. Si sawa na kuwa na mtu hapo hapo, lakini ni afadhali kuliko kumwacha mtu na ukuta.

Tukumbuke pia kwamba mzoefu naye hunufaika. Vijana wengi wanaofika sasa wanajua kompyuta na mifumo ya mtandaoni ambayo watumishi wanatakiwa kujazia kazi zao. Mzee anamfundisha kijana kuongoza darasa la watoto themanini, kijana anamfundisha mzee kuingia kwenye mfumo bila kumlipa mtu wa stesheneri.

Sehemu ya kijiji

Wewe msikilizaji si mtazamaji. Kamati ya shule inaweza kuuliza kwenye kikao: mwalimu wetu mpya, mwenyeji wake ni nani? Serikali ya kijiji inaweza kumtambulisha kwenye mkutano wa hadhara. Jirani anaweza kumpelekea mkungu wa ndizi na kumwonyesha zinavyopikwa huku kwetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona kama mgeni amekaa chumbani peke yake akihesabu siku za kuondoka.

Kama kituo chako kina mtumishi aliyeanza kazi mwaka huu, anza na swali hilo moja. Likikosa jibu, mkuu wa kituo anaweza kulipatia jibu wiki hii hii, bila kusubiri mgeni wa kutoka wilayani.