Wimbo una wenyewe

Mtu aliyesahau nusu ya wimbo aghalabu husahau maneno akabaki na mahadhi. Hapo ndipo taabu huanza, maana orodha za nyimbo hupangwa kwa majina na maneno, na mahadhi hayana jina. Taabu huzidi kwa nyimbo za opereta, yaani ile michezo ya jukwaani iliyochanganya mazungumzo, vichekesho na uimbaji, na ambayo ilitamba sana Vienna na Berlin mpaka miaka ya 1930. Nyimbo hizo zilihama nchi hata nchi, na kila zilipotua zilivishwa maneno mapya. Watu wa mwambao wanalielewa jambo hili: ni wangapi walioimba pamoja na Juma Bhalo wa Mombasa pasipo kuijua filamu ya Kihindi yalikotoka mahadhi?

Natutwae mfano mmoja. Wako wanaokumbuka santuri ya zamani, mwanamume wa sauti ya juu akimkabidhi mpenzi wake moyo wake wote. Huyu husema ulikuwa wimbo wa Kijerumani, yule hushikilia kuwa ni wa Kiingereza, na wote wawili wamesema kweli. Kwa Kijerumani huitwa Dein ist mein ganzes Herz. Waingereza waliupokea mwaka 1931 kwa jina la You Are My Heart's Delight. Umetoka katika opereta ya Franz Lehár iitwayo Das Land des Lächelns, iliyofunguliwa Berlin tarehe 10 Oktoba, 1929. Mwimbaji alikuwa Richard Tauber, na ni yeye aliyeuimba London pia.

Kwa asiyekumbuka hata neno moja, Mwingereza Denys Parsons alichapisha mwaka 1975 kitabu cha ajabu. Hakumtaka mtafutaji ajue kusoma noti. Alitaka ajue jambo moja tu: je, kila sauti inayofuata imepanda, imeshuka, ama imerudia palepale? Ukiandika hivyo kwa sauti chache za mwanzo, unaufungua ukurasa na kuukuta wimbo wako. Siku hizi hata simu ya mkononi inaweza kuutambua wimbo kwa kuvumiwa tu.

Lakini, ndugu msomaji, jibu likipatikana watu hutosheka mapema mno. Wakishamjua Lehár na Tauber hufunga daftari. Maneno ya opereta ile yaliandikwa na watu wawili, Ludwig Herzer na Fritz Löhner-Beda, na huyu wa pili ndiye anayestahili kuulizwa habari zake. Alizaliwa Bohemia mwaka 1883 katika jamii ya Kiyahudi, akawa miongoni mwa waandishi mashuhuri wa nyimbo mjini Vienna. Ujerumani ilipoimeza Austria mwezi Machi 1938, alikamatwa, akapelekwa Dachau, kisha Buchenwald.

Humo kambini wakuu walitaka wafungwa wawe na wimbo wao. Löhner-Beda aliandika maneno. Mfungwa mwenziwe, Hermann Leopoldi, akatia muziki. Kwa kuwa wote wawili walikuwa Wayahudi, wimbo ulipelekwa kwa wakuu kwa jina la mnyapara mmoja wa wafungwa. Maelfu ya watu waliuimba wakiwa wamesimama uwanjani kuhesabiwa, na wakubwa hawakujua ni wa nani.

Huko nje nako, opereta za Lehár zilikuwa zikichezwa katika kumbi za Ujerumani, na Hitler mwenyewe akizipenda. Majina ya Wayahudi walioandika maneno yake yalikuwa yameondolewa katika matangazo. 

Leopoldi aliachiliwa mwaka 1939, akaenda Marekani. Löhner-Beda alihamishiwa Auschwitz mwezi Oktoba 1942, akafanyishwa kazi katika ujenzi wa kiwanda cha Monowitz, na akafa humo tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, baada ya kupigwa.