Mshahara wa Opereta wa Mitambo: Uhesabiwe kwa Mwaka, Si kwa Siku

Mnamo mwezi wa Novemba 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara kuu itokayo Rironi, kupita Naivasha na Nakuru, hata kufika Mau Summit. Kazi kubwa namna hiyo haifanywi kwa jembe na karai. Yataka buldoza, ekskaveta, greda, rola na malori ya kumwaga udongo, na kila mtambo wataka mtu wa kuuongoza. Basi si ajabu kwamba kijana wa Kabazi, akitazama shamba la baba yake na kuona ya kuwa halitawatosha ndugu wote, huiona kazi ya opereta kuwa mlango uliofunguliwa. Baba naye hujiuliza kama yafaa auze ng'ombe, au hata kipande cha shamba, amlipie mwanawe karo ya mafunzo.

Swali hilo si dogo, maana kipande cha shamba kikiisha kuuzwa hakirudi. Kazi yenyewe ni njema, ina heshima, nayo huweza kumlisha mtu na jamaa zake mpaka uzeeni. Lakini wengi huipima kwa kipimo kisicho sawa. Husikia fulani alipata kiasi gani kwa siku moja juu ya mtambo, nao hufanya hesabu zao kwa siku hiyo moja.

HESABU YA MWAKA

Tuchukue mfano wa watu wawili. Wa kwanza ni kibarua, hulipwa shilingi 2,000 kila siku anayopanda mtambo. Wa pili ameandikwa kwa mwezi, hulipwa shilingi 30,000. Katika mwezi mwema wenye siku 20 za kazi, yule wa kwanza hupata shilingi 40,000, na humcheka mwenzake. Lakini mvua za masika zikinyesha udongo hugeuka tope na mitambo husimama. Mtambo ukiharibika, kibarua hungoja vipuri bila malipo. Mradi ukimalizika, huenda kutafuta mwingine. Ikiwa katika mwaka alifanya kazi miezi saba tu, mapato yake ni shilingi 280,000. Yule wa mwezi, aliyelipwa miezi yote kumi na miwili, amepata shilingi 360,000. Juu ya hayo, mwajiri wake humkatia na kumchangia akiba ya NSSF, na humpelekea makato ya bima ya afya ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Hiyo haina maana ya kuwa kibarua asikubali kazi ya siku. Maana yake ni kwamba fedha za mwezi mwema si za mwezi huo peke yake. Sehemu yake ni chakula cha mwezi wa mvua. Mkulima huyajua hayo vizuri, kwa kuwa hali mahindi yote wakati wa mavuno.

KAZI HUFUATA MRADI

Opereta hufuata ujenzi kama mfugaji afuatavyo malisho. Katika Kaunti hii ya Nakuru, upande wa Kuresoi, kazi ya kujenga Bwawa la Itare ilianza mwaka 2017. Mwaka uliofuata ikasimama, baada ya kampuni ya CMC di Ravenna ya Italia kupatwa na shida za fedha huko kwao. Reli mpya nayo ilifika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019, kisha ujenzi wake ukakoma kwa miaka kadhaa.

Jambo hilo si geni katika Afrika ya Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea katika Tanganyika. Matrekta na mabuldoza yaliletwa kwa wingi kufyeka pori, na Waafrika wengi wakafunzwa kuyaendesha. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa kwa kuwa ulishindwa. Mashamba yalishindwa, lakini ujuzi wa kuendesha mtambo haukufa pamoja nayo. Aliyekuwa nao aliweza kuupeleka penye kazi nyingine. Mradi ni wa mwenyewe, bali ujuzi ni wa mfanyakazi.

NGAZI ZA KAZI

Watu wengi hudhani ya kuwa opereta ni opereta tu. Sivyo. Mara nyingi kijana huanza chini, akipaka grisi, akiosha mtambo na kumwelekeza opereta anaporudi nyuma. Kisha hupewa rola, maana huenda polepole na kazi yake ni kushindilia. Baadaye hufika kwenye shavel na ekskaveta, ambako hupimwa kwa idadi ya malori anayojaza bila kumwaga ovyo na bila kupoteza mafuta. Buldoza hutaka mtu anayejua kusoma mteremko, asije akapinduka.

Greda huwekwa juu ya mitambo hiyo yote. Opereta wa greda ndiye anayemaliza uso wa barabara. Hana budi kuliinamisha bapa lake kwa kadiri ndogo sana, ili katikati ya barabara pawe juu kidogo na maji yateremke mitaroni pande zote mbili. Akikosea kidogo tu, mvua ya kwanza hutuama na barabara huanza kuchimbika. Kwa sababu hiyo opereta mzuri wa greda hatafutwi kwa tangazo. Huitwa kwa jina. Mbele yake kuna unyapara, ualimu wa mitambo, na kwa wachache, kumiliki mtambo wao wenyewe.

Tena kuna jambo linalomtenga opereta wa kweli na mtu wa kushika usukani. Kabla ya kuwasha injini asubuhi hutazama oili, maji, grisi, minyororo na mipira ya haidroliki. Huandika saa za mtambo, naye hujua ni lini oili ya injini ibadilishwe, ambayo kwa mitambo mingi ni kila saa 250. Mtambo ukiharibika kwa uzembe, tajiri hupoteza fedha nyingi kuliko mshahara wa opereta. Hivyo siku ya kupunguza watu, aliyeutunza mtambo huwa wa mwisho kuondoka. Wala kazi hii si ya wanaume peke yao. Mitambo ya siku hizi huongozwa kwa vijiti vya haidroliki, haidai misuli, na binti mwenye makini aiweza.

KARATASI NA SHERIA

Ujuzi usio na karatasi hauwezi kudai haki yake. Karatasi ya kwanza ni leseni ya daraja la G itolewayo na NTSA, ndiyo ya mitambo ya ujenzi na ya kilimo. Ya pili ni cheti cha mafunzo. Chuo cha Serikali kinachojulikana kwa kazi hizi ni Kenya Institute of Highways and Building Technology. Ya tatu ni mtihani wa ufundi wa NITA, wenye daraja la tatu, la pili na la kwanza. Hata aliyejifunzia kazini bila kuingia chuoni aweza kuufanya. Waajiri hulipa NITA ushuru wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, na mwajiri apelekaye watu wake katika mafunzo yaliyokubaliwa aweza kudai kurudishiwa gharama. Kwa hiyo si utovu wa adabu mfanyakazi kumwomba bwana wake ampeleke.

Madaraja hayo si mapambo. Amri ya Serikali ya mishahara humpangia fundi asiye na daraja kima chake cha chini, kisha humpandisha kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza. Humtaja pia mwendeshaji wa trekta na wa katapila. Mahali pa kazi napo pana maana. Katika amri ya mwaka 2022, kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika Nairobi na miji mikubwa kilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi, lakini mashambani na katika vituo vidogo kilikuwa shilingi 8,109.90. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 viwango viliongezwa kwa asilimia 6. Hicho ni kima cha chini tu. Mwenye ujuzi aweza kupatana zaidi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema ya kuwa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Na Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo humpa mfanyakazi aliyelemaa kabisa kazini fidia ya mapato ya miezi 96. Lakini atathibitishaje mapato yake, ikiwa alilipwa mkononi siku zote bila kuandikwa popote? Kila mtu aweke nakala ya mkataba na ya hati za malipo.

KABLA YA KUUZA NG'OMBE

Mzazi wa Kabazi na afanye mambo machache kabla ya kutoa fedha. Aende mwenyewe chuoni aone kama mitambo ipo na inawaka, au kama ni picha ukutani. Aulize saa ngapi mwanawe atakaa juu ya mtambo, na saa ngapi atakaa darasani. Aulize kama mwisho wake ni mtihani wa NITA, au ni karatasi ya chuo peke yake. Akiambiwa kuna kazi ng'ambo, atazame kwanza kama wakala huyo ameandikishwa na National Employment Authority. Na kijana naye akubali kuanza na grisi na rola.

Akitimiza hayo, fedha za ng'ombe hazitapotea bure. Barabara ya Mau Summit itakwisha siku moja, kama reli ilivyosimama Naivasha, lakini mwenye daraja mkononi na sifa ya kutunza mtambo ataondoka hapo akiwa na kitu cha kumwonyesha mwajiri wa pili.