Kikohozi cha Machimboni na Chungu cha Majani

Hapa Buhemba nyumba nyingi zina mtu anayeshuka duarani au kusaga mawe kwenye karasha, kwa hiyo kikohozi hakimshtui mtu. "Ni vumbi tu," husema mama, kisha huinjika chungu cha mvumbasi, mkaratusi na majani ya mlimao, mgonjwa akafunikwa blanketi na kujifukiza.

Sisi tunaotembelea wagonjwa kwa niaba ya kanisa hatuji kumwaga chungu hicho. Wengi wetu tulilelewa nacho, na hata Isaya aliagiza tini ziwekwe kwenye jipu la mfalme Hezekia. Mvuke humpa mgonjwa nafuu. Tangawizi na asali hutuliza koo. Lakini nafuu hiyo hudanganya. Vidudu vya kifua kikuu haviuawi na mvuke, na mgonjwa huendelea kuwaambukiza walio karibu naye.

Nyumba moja tulimkuta baba amejifukiza pamoja na mtoto wa miaka mitatu, blanketi moja, eti mtoto naye alikuwa na mafua. Baba alikuwa amekohoa miezi miwili, amekonda, na usiku alitoka jasho la kulowesha shuka.

"Mama, mtoe mtoto kwanza," tulimwambia.

"Kwani dawa yangu ni mbaya?"

Si mbaya, mama, ila haitoshi. Makohozi yalipopimwa, kilikuwa kifua kikuu. Mtoto naye alichunguzwa, akaanzishiwa dawa za kinga. (Chungu cha moto chini ya blanketi pia kimewaunguza watoto wengi, hilo tusilisahau.)

Yule mama hakukosea kabisa kulitaja vumbi. Vumbi la mawe ya dhahabu hutia makovu kwenye mapafu, na mapafu ya namna hiyo hushikwa upesi na kifua kikuu. Makovu hayo hayaponi. Ndiyo maana tunawasihi akina baba wamwagie mawe maji kabla ya kuyasaga, na kila aliyekohoa wiki mbili apimwe, hata kama anajisikia vizuri.

Matibabu ni bure. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Kwa kifua kikuu cha kawaida, mtu mzima humeza dawa miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, kisha dawa 2 kwa miezi 4. Mkojo huwa wa rangi ya machungwa au mwekundu. Wengine hudhani ni damu, wakaacha dawa. Si damu. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amweleze muuguzi, kwa sababu dawa hizi huvipunguzia nguvu.

Na majani ya kunywa? Mwambie muuguzi unakunywa nini, bila aibu. Dawa za kifua kikuu hulisumbua ini, na baadhi ya miti shamba hulisumbua vilevile. Macho yakigeuka ya njano, nenda zahanati siku hiyohiyo.

Mganga mmoja wa miti shamba hapa jirani tulizungumza naye mara nyingi. Sasa akimpokea mwenye kikohozi cha wiki mbili, humtuma akapime kwanza.