Kinga Dhidi ya Malaria Katika Ini: Mchango wa Jeni na Seli T

Mtu anapoumwa na mbu jike wa Anofelesi aliyebeba vimelea vya Plasmodium falciparum, hapati homa siku hiyo wala siku ifuatayo. Vimelea vichache vilivyomo katika mate ya mbu, viitwavyo sporozoiti, hupenya ngozi, huingia katika damu na kufika kwenye ini. Humo kila kimelea hujificha ndani ya seli moja na kuzaana kwa takriban siku 7, kisha maelfu ya vimelea vipya humwagika katika damu na kushambulia chembe nyekundu. Homa huja baada ya hapo. Kwa hiyo hatua ya ini ni fursa adimu kwa kinga ya mwili: vimelea ni vichache, na mtu bado hajaugua.

Kazi ya kuisaka seli iliyovamiwa hufanywa hasa na seli T za aina ya CD8. Hizi haziwezi kuona ndani ya seli nyingine. Hutegemea protini ziitwazo HLA, ambazo hubeba vipande vya protini za kimelea na kuvionesha juu ya seli ya ini. Seli T ikikitambua kipande hicho, huiua seli hiyo au hutoa interferoni gama inayodhoofisha kimelea. Chembe nyekundu zilizokomaa hazina uwezo huo wa kuonesha vipande, hivyo kimelea kikishatoka kwenye ini, silaha hii hupoteza shabaha.

Hapa ndipo urithi unapoingia. Jeni za HLA hutofautiana sana baina ya watu, na kila aina hubeba vipande tofauti. Mwaka 1991, Adrian Hill na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Gambia, ulioonesha kuwa aina ya HLA-B53 ilihusiana na kupungua kwa hatari ya malaria kali. Mwaka 1992 walionesha kuwa seli T za watu wenye aina hiyo hutambua kipande cha protini inayotengenezwa na kimelea kikiwa katika ini. Kinga hii ni tofauti na ile ya wenye kurithi jeni moja ya selimundu, ambayo hufanya kazi katika hatua ya damu.

Maarifa haya yana uzito katika utengenezaji wa chanjo. Chanjo za RTS,S na R21 huchochea hasa kingamwili zinazozuia sporozoiti kabla hazijaingia katika seli za ini. Zile chache zinazoponyoka zahitaji kukabiliwa na seli T zinazokaa katika ini lenyewe. Lakini chanjo yenye kipande kimoja tu ingewafaa baadhi ya watu na kuwaacha wengine. Yapasa iwe na vipande vingi. Aidha, chanjo ya sporozoiti nzima ilipojaribiwa Bagamoyo, Tanzania, iliamsha kingamwili chache kuliko ilivyofanya kwa Wamarekani. Ni funzo kwamba chanjo sharti ipimwe mahali ugonjwa ulipo.

Hata hivyo, hakuna jeni inayomkinga mtu kikamilifu. Chandarua, chanjo na kupimwa mapema homa inapoanza hubaki kuwa wajibu wa kila kaya.