Mawimbi Yanayochongwa na Matairi Yetu

Lami inaishia lango la Lodoare, kwenye njia ya Serengeti. Kutoka Arusha hadi hapo, kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, hata gari dogo linafika bila shida. Kazi inaanza baada ya lango, kuelekea Naabi na Seronera. Familia zinazopanga kuipeleka Prado, Vanguard au RAV4 yao Serengeti wakati wa likizo mara nyingi huanza maandalizi dukani: keria ya juu, taa za ziada, bampa la chuma. Naona fedha hiyo inatangulia pasipo pake. Gari la familia huandaliwa chini, pale linapogusa ardhi, na kifaa cha kwanza cha kununua ni geji ya upepo.

Sababu iko kwenye barabara yenyewe. Aliyepita barabara ya vumbi anayajua yale mawimbi madogo yanayoikata njia, yamepangana kama migongo ya bati. Wengi huilaumu mvua, au dereva wa greda. Mwaka 2007 wanafizikia watatu, Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wepesi wake unastaajabisha: meza ya duara yenye mchanga, inazunguka, na juu yake gurudumu moja la mpira mgumu linaviringika. Hakuna injini, hakuna springi, hakuna mvua. Mchanga umesawazishwa vizuri. Gurudumu likienda polepole sana, mchanga unabaki tambarare. Likivuka kasi fulani, ambayo ni ndogo kuliko dereva yeyote angeivumilia safarini, mambo yanabadilika: linarushwa kidogo na kijiinuko kisichoonekana, linatua mbele na kuchimba, linausukuma mchanga, linarushwa tena. Mzunguko baada ya mzunguko, kijishimo kinakuwa wimbi, na wimbi linazaa jingine, mpaka duara zima limejaa. Kwa hiyo greda likichonga leo, magari ya kesho asubuhi yanaanza kuyarudisha mawimbi. Hakuna aliyefanya uzembe. Ni sisi tu, tunapita.

Sasa piga hesabu. Mawimbi yakiachana sentimita 70, na gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo ndani ya Serengeti, kila tairi linapigwa karibu mara 20 kwa sekunde. Kwa saa moja ni zaidi ya mapigo 70,000. Tairi lililojazwa upepo kupita kiasi haliyamezi mapigo hayo. Linayapitisha yote kwenye shokapu, mafuta ya ndani yanapata moto kupita kiasi, na shokapu inaacha kufanya kazi wakati inapohitajika zaidi. Kutoka hapo mtikisiko unapanda: nati za keria zinalegea, betri inacheza kwenye kitako chake, na mtoto wa kiti cha nyuma anaanza kutapika.

Muulize dereva wa utalii, yule ambaye njia hii ni ofisi yake, naye atakurudisha kwenye tairi kila unapomtajia kitu kingine. Hapigi tairi teke ili kulijua. Anapima asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto upepo hupanda na geji hudanganya. Anafungua mlango wa dereva na kusoma kibandiko kwenye nguzo, ambacho kwa magari mengi yaliyotoka Japani kimeandikwa kwa kilopaskali: 220 pale ni kama 32 kwenye geji ya fundi pancha. Lami ikiisha, anatoa kiasi, tuseme kutoka 32 hadi 26 au 27, na papo hapo anapunguza mwendo. Mambo hayo mawili kwake ni jambo moja. Ubavu wa tairi unatuna kidogo, unakunjuka na kukunjika juu ya kila wimbi, na zile kelele za dashibodi zinashuka. Kabla ya kurudi kwenye lami anajaza tena kwa pampu ndogo inayochomekwa kwenye gari.

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Tairi lenye upepo mdogo hupasuka, watasema. Ni kweli, likiachwa hivyo kwenye lami kwa kilomita 100 kwa saa, au gari likiwa limejazwa kupita uwezo wake; kukunjika kwa ubavu huzaa joto, na joto ndilo linalopasua. Ndiyo maana pampu si anasa, na ndiyo maana mizigo mizito ikae chini nyuma ya viti. Ndoo ya lita 20 za maji ni kilo 20, na juu ya keria kilo hizo zinalivuta gari lilale kwenye kona. Wengine husema dawa ya mawimbi ni kukanyaga mafuta, ukifika 80 gari linaelea. Linaelea kweli, kwa kuwa tairi linagusa vilele tu. Lakini tairi lisilogusa ardhi halishiki breki wala halifuati usukani, na pundamilia hatangoji litue.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tairi la akiba lipo. Lifunue kwanza. Magari mengi madogo ya aina hii hubeba lile jembamba la muda, lililoandikwa ukomo wa kilomita 80 kwa saa, linalotaka upepo wa kilopaskali 420, karibu mara mbili ya matairi mengine, na ambalo huenda halijaguswa tangu kiwandani. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa kutengenezwa kwenye ubavu wake: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata zake zitakuwa mpya kabisa, na mpira wake umezeeka. Kwa nini gari la namna hiyo huuzwa kwa familia za nchi yenye barabara nyingi za vumbi bila mtu kulitaja tairi hilo? Bora kutafuta tairi kamili la saizi ileile, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki isizame.

Faida ya kupunguza upepo haiishii kwenye gari lako. Idara ya Misitu ya Marekani ilijaribu miaka ya 1980 na 1990 kupunguza upepo kwenye malori ya magogo, na ikaona uharibifu wa barabara za misituni unapungua. Maana yake geji hiyo inamgusa pia anayekuja nyuma yako. Kama ni hivyo, pampu na geji za bure kwenye kila lango la hifadhi, pale ambapo magari husimama kulipia, zingegharimu kiasi gani ukilinganisha na kurudisha greda kila mara?