Kompyuta Sambamba (2): Kasi Tuinunue kwa Bei Gani?

Wiki iliyopita tuliona jinsi kazi moja inavyogawiwa prosesa nyingi zikaifanya kwa pamoja. Leo tujiulize: tukizidi kuongeza prosesa, kasi nayo itazidi kupanda?

Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa IBM nchini Marekani, alionyesha kuwa kasi hiyo ina kikomo. Karibu kila programu ina sehemu isiyogawanyika, kama vile kusoma data mwanzoni au kukusanya majibu mwishoni. Hapo prosesa moja hufanya kazi, nyingine zikisubiri huku zikila umeme.

Tuchukue kazi ambayo prosesa moja huimaliza kwa saa 100, na saa 5 kati ya hizo hazigawanyiki. Tukiweka prosesa 19, zile saa 95 zinazobaki huwa 5, na kazi yote huisha kwa saa 10. Tukiweka prosesa 95, huisha kwa saa 6. Hata tukiweka milioni moja, hatutashuka chini ya saa 5.

Sasa tupige hesabu ya gharama. Prosesa 19 kwa saa 10 ni saa 190 za kulipia. Prosesa 95 kwa saa 6 ni saa 570. Tumelipa mara tatu ili kuokoa saa 4. Ufanisi, yaani sehemu ya saa tulizolipia iliyotumika kufanya kazi kweli, umeporomoka kutoka asilimia 53 hadi chini ya 18.

Kwa utabiri wa kimbunga, gharama hiyo ni halali, kwani onyo likichelewa halimwokoi mvuvi. Lakini katika chuo ambako watafiti watano wanatumia mtambo mmoja wenye prosesa 95, kila mmoja na kazi kama hiyo, ni israfu. Wakigawana 19 kwa 19, wote humaliza kwa saa 10. Wakipokezana mtambo mzima, wa mwisho hupata jibu lake baada ya saa 30.

Kuna njia nyingine. Mwaka 1988 John Gustafson na wenzake wa maabara ya Sandia walikuza kazi yenyewe kadiri prosesa zilivyoongezeka, na kwa prosesa 1,024 wakapata kasi ya zaidi ya mara 1,000. Kazi ilipokua, sehemu isiyogawanyika ilibaki ndogo.

Basi anayeomba prosesa zaidi aeleze kwanza mambo mawili: saa ngapi za kazi yake hazigawanyiki, na nani atasubiri wakati yeye anakimbia.

Wiki ijayo: jinsi prosesa zinavyopashana habari.