Nje ya Kambi ni Wapi?



Maongezi yetu ya leo yatoka katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mstari wa 12 hadi 14. Wahubiri wengi huiruka mistari hii, pengine kwa haya. Wana wa Israeli waliagizwa kutenga mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia pamoja na silaha zake, ili akienda haja achimbe na kufukia. Sababu iliyotolewa si ya daktari. Ni kwamba Mungu mwenyewe alikuwa akitembea kati ya kambi yao.

Kwa mtu wa Rongo au Oyugis agizo hili si zito. Ana udongo, atachimba shimo nyuma ya migomba na mambo yamekwisha. Lakini fikiri juu ya ndugu zetu wa Migingo, upande wa Migori. Kisiwa chenyewe ni jabali lenye ukubwa upatao nusu eka, na nyumba za mabati zimebanana mpaka ukingoni. Tangu mwaka 2009 jina la Migingo limetangazwa sana kwa sababu ya ugomvi wa mpaka kati ya Kenya na Uganda. Habari za vyoo vyake hazitangazwi. Huko Remba pia, upande wa Homa Bay, watu wamesongamana namna hiyo hiyo. Jembe likigonga jabali halichimbi. Je, nje ya kambi ni wapi? Ni ziwani. Na ziwani ndiko mama anakochota maji ya kupikia, hatua chache tu kutoka hapo.

Wengine husema, ziwa ni kubwa, litameza yote. Ni kweli Nam Lolwe ni kubwa, kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lakini si la kina kirefu, wastani wake ni kama mita 40, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Naili kule Jinja. Sehemu kubwa ya maji yaliyomo huondoka kwa njia ya mvuke. Weka sufuria ya maji ya chumvi jikoni uone: mvuke hupanda, chumvi hubaki. Ndivyo ilivyo kwa uchafu wetu. Mwani na gugumaji huula na kunawiri. Vikifa na kuoza, hewa iliyo ndani ya maji humalizika, na samaki hukosa pumzi.

Tena kuna ugonjwa. Mwaka 2015 kipindupindu kiliingia Migori na Homa Bay. Kijidudu chake hutoka katika choo cha mgonjwa, kikaingia majini, kikamrudia jirani katika kikombe, hata kama maji yaonekana safi kama kioo. Twaambiwa tuchemshe maji, na ni shauri jema. Lakini juu ya jabali lisilo na mti, kuni na makaa huja kwa mtumbwi, nayo huuzwa kwa bei. Kwa hiyo dawa ya klorini isikose katika nyumba yoyote ya kisiwani.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tulishukuru. Chupa za soda na maji zimebaki. Zimebaki pia nyavu za nailoni zilizochakaa, ambazo zikitupwa ziwani huendelea kunasa samaki wasio na mwenyewe.

Hata kazi njema yaweza kuliumiza ziwa. Miaka ya 1980 tuta la mawe na udongo lilijengwa kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga. Watu walivuka kwa miguu wakafurahi, lakini mkondo wa maji ulizibwa, maji yakatuama na uchafu wake. Ilipita miaka zaidi ya 30 kabla ya daraja kuwekwa mahali pake, mwaka 2017, na maji yakapata njia.

Basi tufanyeje? Habari ya chupa ni nyepesi. Mtumbwi ulioleta soda hurudi bara, na gunia la chupa tupu halina uzito. Habari ya vyoo ndiyo ngumu. Choo cha juu ya jabali lazima kiwe na tangi, na tangi likijaa lazima lichotwe na kupelekwa bara. Nani atalipa? Mvuvi huhama akifuata samaki. Aliye hapa kwa miezi minne haoni kwa nini atoe shilingi yake kwa choo atakachokiacha. Naona afadhali kamati za ufuo, zile tuziitazo BMU, zikate kiasi kidogo pale pale kwenye mizani, samaki wapimwapo, kwa mgeni na mwenyeji sawasawa. Na hesabu ya fedha hizo isomwe kila mwezi ufuoni, mbele ya wavuvi wote na akina mama wanaoanika omena.